Mshenga wa Viazi

Mshenga alishusha kidole chembamba kuliko unywele, akachota chavua kwenye ua la kiazi mwitu, akalipaka ua la kiazi cha shamba. Ndoa ikafungwa kwa sekunde tatu, bila mahari wala vigelegele. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya roboti huyo katika kitalu cha vioo kwenye milima ya Uporoto, mwaka 2094: kuviozesha viazi vyetu kwa jamaa zao wa porini, ambao hawadhuriwi na bakajani, ugonjwa unaoteketeza shamba zima kwa wiki moja.

Misimu miwili bakajani ilikuwa imewalaza watu njaa. Uzao wa kwanza wa Mshenga ulistahimili, ila ulikuwa mchungu kama shubiri. Mtafiti mkuu, Atuganile, alikulia kwenye milima hiyo, ambako kila mtoto hujua kwamba kiazi chenye sumu ni kichungu. Ulimi ukikataa, unatema. Basi akaagiza kila mche wenye uchungu utupwe. Baada ya vizazi kumi na kimoja vilivyoharakishwa kitaluni, viazi vikawa vitamu. Alionja kipande, akaridhika, akaruka kipimo cha maabara kilichohitaji mwezi mzima. Njaa gani ingesubiri mwezi? Magunia ya kwanza ya mbegu alimpelekea mjomba wake, Ambokile.

Siku ya tatu ya mavuno alikwenda kutazama. Shamba lilikuwa limestawi ajabu, lakini kuna kitu kilimtisha, na hakukijua mpaka alipoinama. Hapakuwa na kifusi cha fuko, wala funza, wala sisimizi hata mmoja.

"Mwaka huu sijatega mtego," Ambokile alisema kwa furaha. "Fuko wamehama wenyewe."

Akampa mkono. Akalalamika kwamba tangu jana tumbo linamsokota na macho hayaoni vizuri, akausingizia uzee.

Atuganile aliingiwa na hofu. Akampigia Mshenga simu, akauliza viazi vina sumu kiasi gani.

"Kwa makadirio ya vinasaba vyake, mara tisa ya kiasi salama," Mshenga alijibu kwa upole. "Uliagiza niondoe uchungu, nikauondoa. Sumu niliiacha, kwa kuwa ndiyo inayozuia bakajani."

"Mjomba, umekula peke yako?"

"Mavuno ya kwanza nani anakula peke yake, mwanangu? Asubuhi nimegawa debe debe, kila nyumba."

Atuganile akatazama ng'ambo ya bonde. Ilikuwa saa sita mchana, na kila jiko lilikuwa likifuka moshi. Akaanza kukimbia, asijue aanzie nyumba ipi.