Mushiya Aliyesema Ameshiba

Kila asubuhi kabla ya kengele, wasichana wa darasa la sita katika shule moja ya Dilala, mtaa wa mji wa Kolwezi, walipimana viuno kwa mshipi wa sare. Mushiya, mwenye miaka kumi na tatu, alikuwa mnene kuliko wenzake. Siku moja rafiki yake Blandine alisema kiuno kile ni cha mama wa sokoni, nao wenzao wakacheka. Tangu siku hiyo Mushiya alianza kumpa mdogo wake Tshiela bukari yake, ugali wa kila siku, na kumwambia mama ameshiba.

Huo ulikuwa mwaka 1993, watu wenye asili ya jimbo la Kasai, kama familia yake, walipokuwa wakifukuzwa Kolwezi. Baba yake, karani wa mgodi, aliachishwa kazi, wakatolewa nyumbani. Wakahamia kituo cha reli pamoja na mamia ya wengine, wakilala juu ya mizigo na kungoja treni ya kwenda Kasai. Pale kila mtu alikuwa amekonda, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa Mushiya naye alipokonda. Mama alidhani ni upungufu wa chakula, akaanza kumwachia Mushiya uji wake mwenyewe. Mushiya aliupokea, kisha akampa Tshiela kwa siri.

Siku treni yao ilipofika, Mushiya alianguka kati ya mabunda. Mama Mbuyu, muuguzi aliyekuwa akingoja safari kama wao, alishika mkono wake, akasema moyo unapiga kwa udhaifu na njia ni ndefu, huenda asifike. Mama akalia, akijilaumu kwamba ameshindwa kulisha watoto wake. Watu walisukumana milangoni. Baba alisimama na bunda begani, hajui apande au abaki.

Mushiya alimtazama mama yake, aliyekuwa amebaki mifupa.

“Mama, chakula ilikuwako. Ni mi njo nilikataa kukula,” alisema. “Niliona niko munene sana.”

Baba akatua bunda chini, akasema watabaki mpaka apate nguvu. Treni ikaondoka bila wao.

Mama Mbuyu naye alibaki, na kwa wiki tatu aliketi na Mushiya kila mlo, kijiko kwa kijiko. Siku nyingine Mushiya alilia, siku nyingine alikula kidogo tu. Treni iliyofuata ilipokuja, alipanda kwa miguu yake.

Ndani ya behewa Mama Mbuyu alimwambia, “Mutoto wangu, kuchukia mwili wako ni ugonjwa, si dhambi. Lakini ugonjwa ukifichwa, hata mama yako hawezi kukuuguza. Siku ile ulisema kweli, njo siku ulianza kupona.”