Mashine Haijaamka

Kitendawili! Sema tega. Ana sikio moja, hana ulimi, na husikia kelele zilizojaa humu chumbani ambazo mimi na wewe hatuzisikii. Ni nani? Umeshindwa? Nipe mji. Vitengeni? Haya, nimekwenda Vitengeni, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Ni mashine ya kupimia redio. Fundi huichomekea waya, nayo humchorea kwenye kioo kila sauti ya redio ipitayo hewani. Mpya haishikiki bei. Watu huitafuta ya mtumba, mtandaoni, kwa picha na maneno matamu. Na penye maneno matamu mwizi hayuko mbali.

Saa tatu asubuhi. Kilifi mjini, chumba cha nyuma cha duka la kuchomelea vyuma.

Sanga aliweka simu mezani. Kwenye kioo, picha ya mashine.

"Hii hapa. Iko Tezo. Mwenyewe ni mwanamke, Damaris. Mume alikuwa fundi, amekufa. Yuko peke yake."

Kahaso ndiye aliyekuwa akiandikiana na kupigiana simu na huyo mama, siku tisa sasa, akijiita Priscilla. "Ananiita mwanangu," alisema. Hakucheka.

"Twaingia kama wanunuzi," Sanga aliendelea. "Kahaso ndiye Priscilla. Mimi mumewe. Zaid ndiye fundi wetu. Anaipima, anapiga picha, namtumia yule mtu wa Mtwapa. Akikubali, namfunga mama, twabeba mzigo. Saa nane tuko Mtwapa."

"Si tubebe tu?" Kahaso aliuliza.

"Yule mtu aliwahi kuuziwa boksi tupu. Hanunui mpaka aone inasoma."

"Lazima ipate moto nusu saa," Zaid alisema. "Ikiwa baridi husema uongo."

"Nusu saa, basi." Sanga akachukua kisu cha kuchunia mbuzi, akakichomeka kiunoni chini ya shati. Redio yake ya mkononi, ile ya kuwasikilizia polisi, akaitia mfukoni. "Na sheria ni ileile. Akimjua mmoja wetu, haachwi hai aje kusema."

Sheria hiyo ilikwisha tumika mara moja. Kahaso alikuwapo. Sasa alikuwa akikwangua rangi ya kucha.

Zaid aliitazama picha. Mkono wa kubebea mashine ulizungushiwa uzi wa nyavu, wa kijani. Aliujua uzi ule. Aliuzungusha yeye mwenyewe, miaka sita nyuma, Malindi, kwa Fundi Peterson. Fundi alimtoa kwenye mkokoteni wa maji akampa bisibisi. Miaka miwili alimfundisha bure. Mkewe alikaa shamba, Tezo. Zaid hakuwahi kuonana naye.

Hanijui uso, alijiambia. Nikikaa kimya, mama atafungwa kamba tu, jioni jirani atamfungua. Kujitoa hakukuwezekana. Kwa Sanga, anayejua mpango akajitoa ni shahidi kama shahidi mwingine.

Akakusanya waya zake. Hakuhisi kitu. Ilikuwa kama jino lililotiwa ganzi: ulimi ukiligusa ndipo ujuapo kuwa lipo.

Saa tano na robo. Tezo.

Damaris aliwapokea uani, mikono ina unga wa muhogo.

"Priscilla wangu! Kumbe u mwembamba hivi? Sauti yako ya simu ni ya mtu aliyeshiba."

"Shikamoo mama," Zaid alisema.

"Marahaba, baba. Ingieni. Chai i tayari."

Mashine ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama televisheni ya wageni. Zaid aliinama. Mikono ikafanya kazi bila kumwuliza, vilevile Fundi alivyoizoesha. Akashika kwanza chuma cha dirisha kwa kiganja, umeme wa mwilini umtoke. Akafuta tundu la waya kwa pindo la shati. Akawasha. Kisha akarudi nyuma, akaficha mikono kwapani.

"Haijaamka," alisema. "Tuiache iamke."

Birika lilisimama hewani.

"Umesemaje?" Damaris aliuliza.

"Nasema ipate moto, mama."

"La. Umesema iamke. Na umeshika dirisha kwanza." Alikuwa akimtazama mikono, si uso. "Baba, nani alikufundisha kazi hii?"

Zaid alitazama kioo. Jina la Fundi lilikuwa mdomoni, lote. Kulitamka ni kumchinja mama huyu.

"Mjibu mama," Sanga alisema. Alitabasamu.

Zaid akakaza waya.

"Msamehe, mama," Kahaso akadakia. "Huyu akikaa mbele ya mashine huwa kiziwi. Hata mimi hanisikii, nami ndimi nimlipaye."

Damaris akamimina chai. Hakuuliza tena. Sanga akamwita Zaid nje kwa kidole.

"Anakujua?"

"Hajaniona hata siku moja."

"Mbona hukumjibu?"

"Sipendi maswali."

"Hata mimi." Sanga alipapasa kiuno. "Piga picha zako. Nikishapata jibu la Mtwapa, huyu mama sitamfunga."

"Utamfanyaje?"

"Rudi ndani."

Saa sita kasoro dakika tano. Mashine ilikuwa imeamka. Mstari wa kijani ulitetemeka kwenye kioo, mzima kabisa.

Zaid aliufikiria mpango, kipande kwa kipande, kama afikiriavyo redio mbovu. Mzigo ukiwapo, kuna wizi. Wizi ukiwapo, kuna shahidi. Mzigo usipokuwapo, wao ni wanunuzi waliokunywa chai wakaenda zao.

"Nipe redio yako ya mkononi," alimwambia Sanga. "Mtu wa Mtwapa atataka kuona inapima sauti halisi."

Sanga akampa. Kando ya mashine, ndani ya kopo, kulikuwa na kichuma kinene kama kidole gumba. Hukaa kati ya redio na mashine, kupunguza nguvu. Bila hicho, Fundi alizoea kusema, ni kama kumpigia mtoto honi ya lori sikioni.

Zaid alikiacha kwenye kopo. Akaunganisha redio moja kwa moja. Akabonyeza kitufe cha kusemea.

Mstari uliruka hadi juu ya kioo. Akaendelea kubonyeza. Alihesabu hadi kumi. Mstari ukaanguka, ukalala. Akabonyeza tena. Haukuinuka.

"Imekufa," alisema. "Ilikuwa mbovu."

Sanga alikitazama kioo. Akamtazama mama. Taya ilimcheza.

"Hatukuchukua kitu," Kahaso alimnong'oneza. "Hatuna kesi hapa. Twende."

"Juzi tu ilikuwa nzima," Damaris alisema. Hakulia. "Nilitaka ninunue tangi la maji, basi." Kisha akachungulia kopo. "Na wewe baba, mbona hukuweka kile kichuma? Mume wangu hakukisahau hata akiwa na homa."

Sanga akakitazama kichuma. Akamtazama Zaid.

"Asante kwa chai, mama," alisema.

Saa sita na dakika kumi. Gari lilikwenda kama hatua mia tatu, Kahaso usukanini, likafika kwenye mikorosho.

"Simama," Sanga alimwambia Kahaso. Akaukamata mkono wa kulia wa Zaid, akaubana juu ya kiti. "Uliiua makusudi."

"Ndiyo."

Kisu kiliingia kiganjani kikatokea upande wa pili. Zaid alisikia sauti yake mwenyewe kama ya mtu wa chumba cha pili. "Leo nachukua mkono tu," Sanga alisema. Kahaso alitazama mbele.

"Shuka," alimwambia Zaid, "kabla hajabadili nia."

Saa sita u nusu. Nyumba ya karibu ilikuwa moja tu.

Damaris hakupiga ukelele. Alimketisha kizingitini, akapasua leso, akafunga kiganja kwa nguvu.

"Vidole vyacheza?"

"Viwili."

"Inua mkono juu. Hivyo."

"Mama, wale ni wezi. Walitaka kukuua. Nami ni mmoja wao."

"Najua. Nimeshampigia chifu. Huyo Priscilla muda wote hakuthubutu kumtazama mumewe hata mara moja." Akakaza fundo. "Nawe watakuchukua. Sitakuficha."

"Usinifiche."

Wakakaa. Damu ilikolea kwenye leso, kisha ikapungua. Pikipiki za polisi wa akiba zikasikika mbali. Damaris hakumwuliza lolote.

"Fundi Peterson, mama," Zaid alisema. "Ndiye aliyenifundisha."