Farasi Aliyeguswa

Watu walibanana mbele ya ratiba ya raundi ya mwisho ya mashindano ya sataranji, na Nesi, kwa pupa yake, akamkanyaga mtu mguu. Kuinua macho, ni mpenzi wake, Fundi Saa, kavaa lile shati la bluu ambalo Nesi mwenyewe alimchagulia.

"Simu zangu hupokei," Fundi alisema.

"Wapigie wanaopenda kuonewa huruma."

Mwezi mzima walikuwa wamenuniana. Kwenye mashindano yaliyopita Fundi alikuwa na ushindi mkononi, akajifanya hauoni, akaomba sare ili Nesi asitoke mikono mitupu. Yeye alidhani hayo ndiyo mapenzi. Nesi, aliyejifunza sataranji peke yake katika mapumziko ya wodini, aliona ametukanwa.

Na leo wamepangwa meza moja. Atakayeshinda anaingia timu ya klabu, na Nesi aliitaka nafasi hiyo kwa roho yake yote.

"Ukiniachia tena," alimwambia wakikaa, "namba yangu uifute."

"Nikikufunga je?"

"Jaribu uone."

Walikabana koo muda wa saa mbili. Nesi alikuwa mbele kwa askari mmoja, dakika nne zimebaki kwenye saa yake, jasho linamtoka. Akamshika farasi, papo hapo akakumbuka kuwa ndiye anayemkinga malkia wake. Akamwachia haraka. Lakini sheria wote wanaijua: kete ukiigusa, lazima uicheze.

Mwamuzi alikuwa meza ya mbali. Fundi alikuwa ameona. Nesi alitamani anyamaze, na alijua kabisa kwamba akinyamaza, hatamtaka tena. Saa ikazidi kula dakika zake.

"Umegusa farasi, mpenzi," Fundi alisema. "Mcheze."

Akamcheza. Malkia akaliwa, na baada ya hatua saba Nesi akamlaza mfalme wake kukubali kushindwa, akatoka nje machozi yakimlengalenga.

Simu ikalia mkobani. Fundi alikuwa kasimama nyuma yake, hatua tatu tu, simu sikioni. Nesi akapokea bila kugeuka.

"Sema, mwizi wa nafasi yangu."

"Umenichukia?"

"Leo nimekuchukia sana. Mwezi uliopita nilikudharau. Bora leo."

"Basi nikuoe tuchezee nyumbani, kila siku."

"Na sare?"

"Sare hakuna."

Nesi akakata simu, akageuka.

"Kesho njoo kwa mama," alisema. "Ubao nitaleta mimi."