Nilitoa Raba Nikaweka Nondo, Yote Sababu ya Hotipoti ya Bluu

Haya, sogeeni hapa karibu, mama zangu, wazee, na nyinyi vijana mnashinda kwa simu! Mwenye ana chai ashike kikombe vizuri. Mwenye ana wivu ashike moyo. Leo nawaambia venye mtu mzima wa miaka arobaini na sita alipigana na vipande nane vya raba... na raba ikamshinda!

Niiteni Baba Ciku. Naishi hapa Kimbo, Ruiru. Kwa miaka kumi na tatu nilifanya kazi huko kwa mawe, upande wa Kalimoni. Mimi ndiye nilikuwa opareta wa krasha, ile mashine ya kutafuna mawe itoe kokoto. Na hiyo haikuwa mashine ya mchezo! Ikianza kutafuna, kuku wa Thika walikuwa wanataga kabla siku zao zifike!

Shule mimi nilisoma kwa kupita nje ya fensi. Lakini lugha ya hiyo mashine nilikuwa naijua. Ikikohoa, najua. Ikinuna, najua. Nilikuwa nakaa juu kwa kibanda changu kama chifu.

Na pale chini, karibu na geti, kulikuwa na hoteli ya mabati. Ya nani? Ya bibi yangu, Mama Ciku! Ikifika saa saba anatoka nje, anainua mwiko juu. Mimi nikiuona huo mwiko, nazima krasha. Wanaume hamsini wanaenda kukula sababu bibi yangu ameinua mkono na mimi nimebonyeza kitu! Mnajua utamu wa hiyo kitu? Sikuwa nataka ingine duniani.

Sasa hiyo krasha ilikuwa na ugonjwa mmoja. Kuna mota, na kuna mashine yenyewe, na hapo katikati kuna vyuma viwili vimeshikana, tunaita kapling. Jiwe mbaya ikikwama, mashine inasimama ghafla, lakini mota bado inataka kwenda. Hapo lazima kitu ivunjike! Leo ni shafti, kesho ni meno ya giaboksi. Bosi akachoka, akatuletea fundi kutoka Thika. Fundi Rashidi.

Woi... huyo mwanaume! Mrefu, mpole, na ovaroli imepigwa pasi! Nani anapigia ovaroli pasi, jamani?

Akatoa ile kapling yetu ya zamani, akaweka ingine iko na mashimo, na kwa kila shimo akasukuma kipande cha raba nyeusi, kama ngumi ya mtoto. Vipande nane. Akaniita, akanielezea na heshima yote.

"Mzee wangu, hii ni godoro ya mashine. Jiwe ikipiga, raba inameza kile kishindo. Ikizidi kabisa, raba inakatika yenyewe, na mashine inabaki mzima. Wacha raba ikufe, krasha iishi."

Watu wakapiga makofi. Makofi kwa raba! Mimi miaka kumi na tatu, nani alinipigia hata kofi moja?

Hiyo siku Fundi akaenda kukula kwa Mama Ciku. Sijui alimwambia nini, lakini bibi yangu alicheka mpaka nikamskia kutoka juu, na krasha ikiwa inanguruma! Jioni nyumbani akaniambia, "Huyo fundi ana adabu. Anasalimia mtu kabla ya kushika kijiko."

Nikamuuliza, "Kwani mimi sikusalimii?"

"Wewe unasalimia mashine."

Wueh! Wivu uliniingia kwa kidole cha mguu, ukapanda polepole mpaka kwa masikio. Sikulala. Nilikuwa naona ile ovaroli, imesimama peke yake kwa giza, inanisalimia.

Kutoka hapo nikasusa chakula yake. Mwiko unainuliwa, nazima mashine, nakaa tu juu na njaa yangu. Nilijua atapanda ngazi aje kunibembeleza. Akapanda? Wapi! Siku ya tatu nikaona kitu nikataka kuruka chini bila ngazi...

Mama Ciku alitoka na hotipoti ya bluu.

Hiyo hotipoti, ndugu zangu, tulipewa siku ya harusi! Kutoka kabati ilikuwa inatoka tu pasta akitutembelea! Na sasa ameishika na mikono miwili, anampatia Fundi! Fundi akainamisha kichwa, akapokea, akaenda nayo nyuma ya ile karakana ya mabati Bosi alimpatia abaki akiangalia raba. Kesho yake, hivyo hivyo. Kesho kutwa, hivyo hivyo! Na ndani kulikuwa na vipande vinne vya nyama. Mimi kwa hiyo hoteli sijawahi kupita viwili! Mnauliza niliona aje kutoka huko juu? Mtu wa wivu ana darubini!

Na huyo Fundi alikuwa anajifanya chuma. Jua inachoma mpaka mijusi inatafuta kofia, lakini yeye hata maji hanywi. Ukimpa anasema, "Asante mzee wangu, baadaye." Nikasema moyoni... ameshiba nyama yangu, maji ni ya nini?

Mtu mmoja tu ndiye alinionea huruma. Karanja. Huyu alikuwa anasimama kwa mdomo wa krasha na mtaimbo, anasukuma mawe yenye yamekwama. Alikuwa mgeni kwetu, ametoka upande wa Thika. Kila saa saba anashuka kwa Fundi kuchukua grisi, anarudi na kopo lake la zamani limefunikwa sahani. Anakaa na mimi. "Baba Ciku, saidia hapa. Nimetoka nayo nyumbani."

Haiya! Chakula gani hiyo! Nyama inayeyuka kama inaogopa meno! Chapati laini ungejifunika nayo! Nilikula mpaka machozi yakatoka. Nikamwambia, "Karanja, wewe umeoa! Bibi yangu aende kwa bibi yako akafunzwe kupika!"

Karanja akakohoa, akaangalia mawe.

Jioni nikamwambia Mama Ciku hayo maneno kwa uso. Alinigeuzia mgongo, akaangalia ukuta, mabega yakaanza kutetemeka. Nikajua analia. Na mimi, Mungu anisamehe... nilifurahi!

Wiki ya tatu tukafika kwa mawe magumu. Raba zikakatika mara mbili. Krasha ikasimama, Fundi akabadilisha kabla chai ipoe, tukaendelea. Bosi hata hakukasirika. Lakini mimi nilipata maneno! Nikazunguka nikiuliza watu, hii ni ufundi gani ya kitu inakatika kila saa? Nikaona njia yangu hapo. Nikiweka kitu haiwezi kukatika, Bosi ataona mimi ndiye nina akili, Fundi atarudi Thika, na hotipoti itarudi kabati. Bibi yangu atarudi kuwa wangu!

Ijumaa saa saba Fundi alienda msikitini. Wengine wakaenda kukula. Karanja alikuwa ameshuka. Nikachukua spana, nikafungua kifuniko, nikatoa raba zote nane. Kwa hayo mashimo nikapiga vipande vya nondo nilikuwa nimekata kwa msumeno, nimevifunga na tyubu ya baiskeli, ukiangalia haraka unasema ni raba. Zile zenyewe nikaziweka chini ya mto wa kiti changu. Nikazikalia kama kuku wa mayai!

Siku nne krasha haikusimama hata mara moja. Nikatembea kifua mbele. Nikamwambia Bosi, "Mashine inataka mkono wa mzee, haitaki godoro." Bosi akanipiga bega, akasema kweli.

Lakini masikio yangu... Nilikuwa naskia. Gonga... gonga... gonga. Ile sauti haikuwa yake. Kila jiwe ikiingia, kile kishindo kilikuwa kinapita moja kwa moja mpaka ndani kwa mifupa ya mashine. Mimi, mwenye najua lugha yake, niliskia ikilia! Mkono ukaenda kwa swichi. Halafu nikaangalia chini, nikaona hotipoti ya bluu ikipita... Mkono ukarudi.

Kwa nini sikuzima? Niambieni nyinyi. Kwa nini?

Jumatano, kabla mwiko uinuliwe, jino la eskaveta, ile mashine ya kuchimba, lilivunjika huko shimoni, likaja limejificha kati ya mawe. Chuma kizima! Karanja alipiga nduru. Nikabonyeza ile swichi nyekundu, lakini ilikuwa imechelewa. Krasha ikakwama. Mota ikakataa kukwama. Na hapo katikati hakukuwa na kitu laini ya kumeza huo ugomvi.

Mlio! Watu wa Kamakis waliwacha nyama choma kwa meza wakalala chini! Shafti ilikatika kama muwa. Giaboksi ikapasuka, mafuta nyeusi ikanyesha. Na kitu kidogo kikatoka kwa kapling kikiimba, kikapita juu ya lori, kikatoboa mabati ya hoteli.

Vumbi. Halafu kimya... Nilitafuta mwiko na macho. Sikuuona.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka tu nikiwa mlangoni. Mama Ciku alikuwa amekaa chini, mkono wa kulia umeungua na maharagwe ya moto kutoka kiganja mpaka kiwiko. Fundi alikuwa amepiga magoti, anaumwagia maji safi. Sufuria imelala kando. Na ndani ya sufuria, katikati ya maharagwe, kipande cha nondo kimefungwa na tyubu ya baiskeli. Ile niliikata na hii mikono! Ingepita shibiri moja tu kando... aki siwezi kumaliza hiyo maneno.

Bosi akaingia, akaokota kile chuma na kitambaa. "Fundi! Hii ndiyo godoro yako?" Fundi alikiangalia. Akaniangalia mimi. Bosi akamtukana matusi yote ya Kiambu, akamwambia afunge vyombo vyake aende.

Si hiyo ndiyo nilikuwa nataka? Wiki tatu si ndiyo nilikuwa naomba? Lakini niliskia bibi yangu akilia na huo mkono. Nikaanguka kwa maharagwe. "Bosi, si yeye. Ni mimi. Ni mimi nilitoa raba!"

Yaliyofuata yalikuwa machungu. Krasha ilikaa miezi imenyamaza, na wanaume hamsini wakarudi nyumbani sababu yangu. Ningelala ndani kama si Fundi, yule yule Fundi, kumwomba Bosi asiite polisi. Kazi nikafutwa. Mama Ciku akaenda kwa mama yake Gatundu na bendeji. Nilienda kumwomba msamaha mara tatu. Mara mbili nilipiga story na mbwa wa geti. Ya tatu mama mkwe akanifungulia, akanipa kiti bila mgongo.

Siku hizi tuko na hoteli ndogo hapa Kimbo, karibu na steji ya matatu. Huo mkono hauwezi kuinua sufuria kubwa, kwa hivyo mimi ndiye nainua. Napika, naosha vyombo, namsalimia kabla ya kushika kijiko. Kovu nalionaga kila asubuhi. Fundi akipita Ruiru anakuja kukula, na mimi mwenyewe ndiye namwekea nyama. Vinne!

Wenzangu, nawaomba na hii mikono ya sabuni. Ukiona kitu hukielewi kwa nyumba yako, uliza! Swali haliui mtu. Na mahali umewekewa kitu laini ya kupokea kishindo, usikitoe ati juu kinakatika. Kinakatika ndio wewe usikatike! Wivu ni ile nondo yangu. Utaona siku nne unatembea kifua mbele, na ya tano itapita karibu na kichwa cha mtu unampenda. Msipite hapo nilipita. Aki msipite.

Sasa mnauliza, mbona huyu mzee anacheka akimaliza kulia? Ni kwa sababu kuna mahali nimeruka juu ya aibu. Wacha niseme yaishe.

Pale kwa maharagwe, nimepiga magoti, Bosi aliniuliza, "Lakini kwa nini, Baba Ciku? Raba ilikukosea nini?"

Nikalia mbele ya watu wote. Nikasema, "Ni hotipoti, Bosi! Huyu mwanaume amekula nyama ya bibi yangu wiki tatu, mchana, nikiangalia! Vipande vinne! Na mimi bila Karanja ningekufa njaa!"

Bosi akaangalia Fundi. Fundi akaangalia Mama Ciku. Mama Ciku akawacha hata kulia, akaangalia Karanja. Na Karanja, mtaimbo bado mkononi, ikamshinda kunyamaza.

"Baba Ciku, si huyu mtu amefunga Ramadhani tangu siku ya pili hapa! Mchana hata maji hanywi! Mama Ciku alikuwa anakupitishia chakula kwake sababu wewe umesusa. Hiyo nyama yote umekula wewe kwa kopo langu... na mimi sina bibi!"