Swali la Penalti

"Wifi, rudi nyumbani tu. Kaka amesema hataki kuiona sura yako."

Dada wa mumewe alisema hivyo akiwa ameshikilia komeo. Mke, msusi wa nywele, hakuondoka. Alijikalia kizingitini, mlango ukafungwa nyuma yake, akaandika kwenye simu: "Nipo nje. Nisikilize tu, mume wangu." Ujumbe ukasomwa.

Yote yaliletwa na chemshabongo ya Jumapili ukumbini. Yeye na mumewe walikuwa timu moja. Mke alijua majengo: nani aliujenga mnara wa saa, daraja la chuma lilifunguliwa lini. Mume, fundi wa kuchomelea aliyewahi kuwa mshambuliaji hodari hadi akabatizwa Kombora, alijua mpira. Wakawa sare na timu ya walimu, limebaki swali moja. Muuliza maswali, bila haya, akataka kujua ni nani aliyepaisha penalti ya mwisho kwenye fainali, mji ukakosa kombe.

Watu waliinamisha vichwa. Hata walimu waliiacha kengele ya kujibia. Msusi akaigonga, akataja jina la mumewe. Makofi ya ushindi hayajaisha, kiti cha pembeni yake kikawa kitupu.

Tangu hapo mumewe alihamia kwa dada yake. Kazini alisuka na kufumua, wateja wakimtazama kwa huruma. Akipiga simu, inaita mpaka inakatika. Ndipo alipokuja kwa wifi yake, liwalo na liwe.

Sauti ya Kombora ikasikika nyuma ya mlango.

"Walimu walinisitiri. Wewe, mke wangu, ukanianika."

"Ni kweli."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema ulimi uliteleza. Hakuwa na nguvu ya kudanganya.

"Nilitaka tushinde. Kwa muda ule nilisahau kwamba jibu ni wewe."

Akaona heri amalize yote, akiachwa aachwe mara moja.

"Kuna jingine. Siku ya fainali nilikuwepo, nyuma ya goli."

"Hukuwahi kuniambia."

"Sikuwa nimehamia huku. Nilikuwa upande wa wapinzani. Ulipopaisha, nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Halafu nikakuona umepiga magoti, wenzako wote wamekupa mgongo. Furaha ikanitoka. Nilitamani kushuka nikuinue, nikaogopa watu."

Komeo likavutwa. Kombora alisimama pale, ndevu hazijanyolewa, macho mekundu.

"Kumbe miaka yote nalala na mpinzani," alisema. Alitaka kucheka, machozi yakamwahi.

"Nisamehe, baba."

"Bado inauma."

"Najua."

Kombora akamgeukia dada yake aliyekuwa amejibanza ukutani.

"Nipe viatu vyangu," alimwambia. "Acha ikaniumie nyumbani."