Saini Pembeni mwa Turubai

Haya yalimpata rafiki yangu mchoraji, mbishi wa kutupwa. Kwenye turubai moja alichanganya kinyago cha kale, nyota za mabaharia na alama za emoji za simu.

"Mwanangu, alama za watu hazichanganywi ovyo," shangazi yake alimwonya.

"Shangazi, rangi haing'ati."

Mchana huo, akiwa peke yake, aliingia stoo yenye giza totoro kutafuta tapentaini ya kusafishia brashi. Nyuma ya ukuta, chumbani alikoiacha picha yake, akasikia brashi ikikwaruza turubai: kwaru, kwaru.

Hakukimbia. Alifoka, "Kama kazi ni yako, tia saini!"

Kisha kwaru moja, ndefu.

Alipotoka, pembeni mwa turubai aliikuta saini yake mwenyewe, rangi mbichi. Akasonya, akaifuta, akashika brashi aiandike upya kwa mkono wake.

Mwandiko uliotoka haukuwa wake.