Gazeti Lililotangulia Macho

Sogeeni karibu, ndugu zangu, hasa ninyi mnaouza na kununua. Kisa hiki kimewakuta watu wa soko, na hakuna mlango kati ya milango yetu ambao kisingeweza kuuingia.

Mkabala na soko la jumla palikuwa na chumba kirefu chenye dirisha moja dogo, na kila Alhamisi asubuhi chumba hicho kilinukia wino na chai. Humo walifanya kazi mume, mkewe na binti yao. Mume alikuwa karani wa mizani kwa miaka kumi na minne. Mke alikuwa muuza vitunguu, naye ndiye aliyelianzisha jambo lenyewe. Siku moja aliuziwa mzigo kwa bei ambayo watu wa ghala jirani walishaishusha tangu juzi, akarudi nyumbani amefura. "Laiti tungekuwa na karatasi moja tu inayosema ukweli wa soko!" alisema. Mume alicheka. Baada ya wiki tatu akaja na mashine kuukuu ya kurudufu, akisaidiwa na wachukuzi wawili kuibeba.

Wakaliita gazeti lao Neno la Soko. Lilikuwa karatasi moja iliyokunjwa katikati. Juu zilikaa bei za jumla, chini yake shehena zilizoingia na malori yaliyokwama njiani, na mwisho matangazo ya watu: huyu anauza mizani, yule anatafuta magunia matupu. Mke ndiye aliyezunguka. Jua likichomoza yumo maghalani, daftari kwapani, anatia mkono kwenye magunia, ananusa, anang'ata punje. Wachukuzi wakambandika jina la Mama Bei. Mumewe wakamwita Mhariri, kwanza kwa utani, baadaye kwa heshima. Binti alizipanga kurasa kwenye kompyuta na kubishana na baba yake juu ya kila neno refu.

"Baba, 'mtikisiko wa mazao' ndio nini? Andika nyanya zimepanda."

"Gazeti lazima liwe na hadhi, mwanangu."

"Hadhi haikolezi mchuzi, Baba."

Walikuwa na sharti moja tu, nalo ni la Mama Bei: kisichoonwa hakichapwi. Kwa sharti hilo, mchuuzi wa meza moja na mwenye ghala la milango mitatu waliliamini gazeti lile sawasawa.

Kisha akazuka Kipaza.

Kipaza alikuwa dalali wa nafaka mwenye ulimi mwepesi, akaanzisha kundi la simu la watu wa soko. Kabla watu hawajanawa uso, habari zake zimeshafika. Nyingine zilikuwa kweli, nyingine zilikuwa hewa, lakini zote zilitangulia. Wachuuzi wakaanza kumtania Mhariri njiani: "Mzee, habari zako zimechacha! Tulizila juzi!"

Utani ule ulimwingia kama mwiba wa samaki kooni. Tangu siku hiyo Mhariri hakukaa akatulia. Akiketi mezani, mguu wake unatikisika mpaka vikombe vinagongana. Akitia tonge mdomoni, jicho liko kwenye simu. Anainuka, anachungulia dirishani, anarudi, anasahau alichoinukia. Akiitwa mara moja hasikii, akiitwa mara ya pili anashtuka.

"Mume wangu, unakimbizwa na nani?" Mama Bei alimuuliza.

"Muda. Huoni kwamba tunaachwa?"

"Tuachwe. Anayetaka habari ya mbio ana Kipaza. Anayetaka ya kweli atatusubiri."

"Hakuna anayesubiri siku hizi," alijibu, na tayari alikuwa ameshika simu tena.

Msimcheke, ndugu zangu. Nani kati yetu hajawahi kusambaza neno ili tu asipitwe?

Alhamisi moja, saa nne za asubuhi, kurasa zikiwa tayari na mashine imeshatiwa karatasi, simu ya Mhariri ililia. Alitumiwa picha: gunia limefunguliwa, ndani yake maharagwe mekundu ya kung'aa, wekundu usio wa kawaida. Chini yake pameandikwa: "Haya yako ghalani kwa Mama Kunde. Yametiwa sumu. Waambie watu."

Mama Kunde alikuwa mjane aliyeuza kunde na maharagwe kwa jumla. Alikuwa rafiki wa Mama Bei tangu enzi za vitunguu, na tangazo la kwanza kabisa katika gazeti lile lilikuwa lake.

Mhariri alisimama. "Futa ukurasa wa mbele," alimwambia binti. "Haraka, Kipaza bado hajaipata hii."

"Ngoja," alisema Mama Bei. "Nipe nusu saa. Ghala lenyewe ni hapo, kuvuka barabara mbili tu. Nikaone."

"Na watu wakila hiyo sumu katika nusu saa yako?"

Swali hilo lilikuwa zito, na Mama Bei hakulidharau. "Nikiikuta, nitapiga kelele palepale mlangoni mwa ghala, hata kama ni rafiki yangu. Lakini nikaone kwanza. Utasubiri?"

"Nenda, nenda," alisema mume.

Mama Bei akatoka mbio. Alikuwa ameshavuka barabara ya kwanza alipotambua kwamba mumewe alimwambia aende, lakini hakusema kwamba atasubiri. Akasita. Kisha akajiambia ndoa ya miaka ishirini na miwili si kitu cha kutiliwa shaka kwa neno moja, akaendelea.

Alimkuta Mama Kunde kaketi juu ya kigoda, anachambua changarawe.

"Maharagwe mekundu yako wapi?" aliuliza hata kabla ya salamu.

"Yale? Njoo." Mama Kunde alimpeleka pembeni kabisa mwa ghala, kwenye kizimba cha wavu chenye kufuli. Ndani yalikuwamo magunia manane. "Ni mbegu, dada. Zimetiwa dawa ya wadudu na rangi ili mtu asizile. Chama cha wakulima wanakuja kuzichukua kesho. Kwani vipi?"

Mama Bei akamweleza habari ya picha iliyotumwa kwa mumewe. Mama Kunde aliguna. "Huyo aliyeipiga atakuwa aliingia wakati tunashusha mzigo. Kosa langu hapo ni kibao. Ningeweka kibao kikubwa."

Mama Bei hakuishia hapo. Alitia mkono katika kila gunia la chakula, akanusa, akang'ata. Yalikuwa masafi, makavu, hayana doa. Akachota konzi moja ya maharagwe kwenda kumwonyesha mumewe, akaaga.

Hakufika mbali. Kwenye kona alikutana na muuza mboga mmoja anakimbia, karatasi mkononi, wino bado mbichi. Kichwa cha habari kilijaa nusu ukurasa: SUMU GHALANI KWA MAMA KUNDE.

"Si kweli!" Mama Bei alipaza sauti. "Ni mbegu! Nimetoka huko sasa hivi! Tazameni!" Alikunjua kiganja. Lakini nani atazame kiganja? Watu walikuja kama maji yaliyopasua ukingo, wakampita huku na huku, na maharagwe yake yakapukutika chini.

Walivunja mlango. Walichana magunia. Mama Kunde alisimama kwenye ngazi ya kupakilia, mikono juu, anawasihi. Akasukumwa, akaanguka, nyonga ikavunjika. Nani alimsukuma? Hadi leo hajulikani. Mkono wa umati hauna mwenyewe.

Sasa sikieni lililo baya zaidi. Katika vurugu hiyo kizimba nacho kiling'olewa, na magunia ya mbegu yakachanwa pamoja na mengine. Mbegu zenye dawa zikachanganyika na maharagwe ya chakula, sakafu nzima. Na waliokuja wakipiga kelele za sumu, wengine wao waliondoka na mifuko imejaa. Waliona ni chakula cha bure, na kile chekundu watakiosha. Sumu ambayo haikuwa sokoni asubuhi, gazeti ndilo lililoitoa kizimbani na kuitawanya majumbani.

Mama Bei alirudi chumbani akihema. Mumewe alikuwa kasimama kando ya mashine, mikono myeusi kwa wino, uso unang'aa. "Tumemtangulia Kipaza!" alisema.

"Umetangulia ukweli," alijibu. Akamweleza yote kwa maneno machache.

Mhariri aliketi chini sakafuni. Binti akaziba mdomo kwa viganja viwili.

"Inuka," alisema Mama Bei. "Utalia baadaye. Sasa hivi watu wanabandika vyungu."

Mhariri alimpigia simu mtu ambaye asingempigia hata kwa kuhongwa. "Kipaza, ndugu yangu, nisaidie," alisema, akamweleza yote. Kipaza, tumpe haki yake, hakumcheka. Alituma onyo kwenye kundi mara tano. Nao watatu wakagawana mitaa, wakaenda nyumba kwa nyumba, wakibisha, wakiomba, wakimwaga vyungu vya watu. Wengine waliwafukuza. "Asubuhi mlituambia hivi, sasa mnatuambia vile. Tushike lipi?"

Nyumba moja waliifikia wamechelewa. Mchukuzi mmoja, mkewe na watoto wao wawili walikuwa wameshakula. Walitapika hadi wakaishiwa nguvu, wakakimbizwa hospitali. Mungu aliwanusuru wote wanne, lakini mtoto mdogo alikaa wodini siku tisa, na siku zote tisa Mhariri alishinda ukumbini, anakwenda na kurudi, hana mahali pa kuweka mikono.

Alhamisi iliyofuata gazeti lilitoka na habari moja peke yake. Mhariri aliiandika mwenyewe, bila neno refu hata moja: nilikosa, Mama Kunde hana hatia, nilichapa nisichokiona. Waliligawa bure. Mama Bei alipopita sokoni jioni, alikuta karatasi nyingi zimetumika kufungia tangawizi na pilipili, hazijakunjuliwa. Ile ya sumu, kila mtu alikuwa ameisoma. Hii ya toba, ni wachache walioigusa kwa macho.

Binti alikaa nyumbani mwezi mmoja, kisha akatafuta kazi mji mwingine. "Kichwa kile cha habari nilikipanga mimi, Mama," alisema akifunga begi. "Nilijua sharti letu. Baba aliniambia andika, nikaandika." Mama Bei alimkumbatia.

Mama Kunde alipotoka hospitali, alitembea kwa magongo. Wateja hawakurudi. Hata waliojua ukweli walinunua kwingine, kwa kusema tu, "Huwezi kujua." Akaamua kuhamia kwa kaka yake. Siku ya safari, Mama Bei na Mhariri walikwenda kumpakilia mizigo. Mhariri alipiga magoti palepale kando ya gari.

"Inuka, shemeji," alisema Mama Kunde. "Nimekusamehe. Nilikusamehe siku ya tatu, nikiwa kitandani."

"Basi baki, Mama Kunde. Tutakusaidia kulijenga upya jina lako."

Mama Kunde alitikisa kichwa. "Msamaha ni wangu, nimekupa. Lakini jina langu halimo tena mikononi mwangu, wala mwako. Limo vinywani mwa watu, na huko wewe na mimi hatuna ufunguo."

Dereva akawasha gari. Neno la Soko halikutoka tena.

FUNZO

Ndugu zangu, si lazima uwe na mashine ya kuchapa ndipo umharibie mtu maisha. Simu inatosha, ulimi unatosha. Neno la kumhusu mwenzako likikufikia, hata kama limevaa vazi la kuokoa watu, liendee kwanza ukalione kwa macho yako. Ukishindwa kwenda, lifie kwako. Kuwa wa kwanza kusema hakuna tuzo yoyote. Na anayetangulia kwa uongo, hata akirudi mbio na ukweli, atakuta watu wameshaondoka.